Historia ya sayansi na teknolojia kwenye intaneti: tusome wapi, na tusome namna gani

Maswali ya sayansi hayatoki tena shuleni peke yake. Yanaingia kwa simu. Kijana wa mwaka wa sita wa sekondari anapokea video ya dakika tatu inayosema kwamba Kanisa liliwachoma moto wataalamu wa nyota. Rafiki yake anapokea nyingine inayosema kwamba mababu zetu walijua hesabu zote miaka elfu ishirini kabla ya Wazungu. Mama yao anatumiwa ujumbe wa sauti kwamba ugonjwa fulani ulitungwa na watu wa mjini ili wapate pesa. Jumapili wote watatu wanakaa kwenye benchi moja, na ibada ikiisha mchungaji ndiye anayeulizwa.

Maswali hayo matatu ni ya historia. Ni nani aliyesema nini, mwaka gani, kwa ushahidi gani, na tunajuaje? Elimu inayoshughulika na hayo inaitwa historia ya sayansi na teknolojia. Mbelgiji mmoja, George Sarton, ndiye aliyeipa jarida lake linalojulikana zaidi, *Isis*, mwaka 1913, akiwa bado anaishi karibu na mji wa Gent, kabla vita havijamfukuza hadi Marekani. Leo sehemu kubwa ya maandishi ambayo wataalamu wa elimu hiyo walikuwa wanasafiri bahari kuyatafuta imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, bure. Mwalimu wa Butembo au wa Kindu anaweza kufungua daftari la Newton bila viza. Hapa tunataka kuonyesha baadhi ya mahali hapo, hasa panapogusa imani yetu na nchi yetu, na jinsi ya kupatumia kwa mega chache. Majina tunayotaja yanatosha. Yaandike kwenye sehemu ya kutafutia ya simu yako na utafika.

Tuanze na Calvin, kwa sababu linatuhusu sisi Waprotestanti moja kwa moja. Mwaka 1896 Mmarekani Andrew Dickson White alichapisha kitabu kikubwa juu ya vita kati ya sayansi na theolojia. Humo aliandika kwamba Calvin, katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo, alimshambulia Copernicus, yule aliyefundisha kwamba dunia inalizunguka jua, na akamnukulia maneno makali. Maneno hayo yamerudiwa katika vitabu vingi vya shule na vya chuo kikuu. Yanarudiwa mpaka leo na watu wanaotaka kuonyesha kwamba Matengenezo yalikuwa adui wa elimu. Je, Calvin aliyasema?

Zamani mchungaji wa kijijini asingekuwa na njia ya kuhakikisha. Leo anayo. Kitabu cha White kinapatikana kwenye Internet Archive, maktaba ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 1996. Ufafanuzi wa Calvin juu ya Mwanzo uko kwenye Christian Classics Ethereal Library, maktaba ya maandishi ya Kikristo inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Calvin huko Michigan, Marekani. Maandishi yake yote kwa Kilatini na Kifaransa cha zamani yamewekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Geneva, mji wake mwenyewe. Ukifungua ufafanuzi wa Mwanzo sura ya 1, mstari wa 16, unakuta jambo tofauti kabisa na lile la White. Calvin anasema Musa aliandika kwa lugha ya watu wa kawaida, kama macho yao yanavyoona, lakini wataalamu wa nyota wanachunguza kwa bidii mambo ambayo akili ya mwanadamu inaweza kuyafikia. Kazi yao, anasema, isidharauliwe. Anatoa hata mfano: wataalamu wamethibitisha kwamba Zohali, inayoonekana ndogo kabisa kwa sababu iko mbali, ni kubwa kuliko mwezi. Mwanahistoria Edward Rosen alifuatilia maneno yale makali na mwaka 1960 akaeleza kwamba hayapatikani katika maandishi ya Calvin.

Hapo wengi wetu tungepiga vigelegele na kufunga simu. Lakini jambo halijaisha. Miaka kadhaa baada ya Rosen, mtaalamu mwingine, Richard Stauffer, alionyesha mahubiri ya Calvin juu ya 1 Wakorintho ambamo anawakemea watu wanaosema kwamba jua halisogei na kwamba ni dunia inayozunguka. Hamtaji Copernicus kwa jina, na mahubiri yenyewe yanahusu watu wapendao kubishana na kupindua kila kitu. Hata hivyo amelisema. Basi ukweli haumridhishi White, wala haumridhishi mtetezi wetu mwenye haraka. Calvin aliheshimu elimu ya nyota ya wakati wake, na kama karibu kila msomi wa karne ya 16 aliamini kwamba dunia imesimama. Mtu akikuuliza, mjibu hivyo. Ni jibu refu kuliko video, lakini halitamwaibisha kijana siku atakapofika chuo kikuu na kusoma mwenyewe.

Na tukiwa hapo hapo: aliyemsukuma Copernicus achapishe kitabu chake mwaka 1543 alikuwa Rheticus, mwalimu wa hesabu kutoka Wittenberg, mji wa Luther. Aliyeandika utangulizi wa kitabu hicho bila kutia jina lake ni Osiander, mhubiri wa Kilutheri wa Nuremberg. Mambo haya hayamo katika zile video.

Kuhusu Galileo tutasema kwa kifupi, kwa kuwa makosa yake ni rahisi kusahihisha, ingawa hata sisi wahubiri tunayarudia mimbarani. Galileo hakuchomwa moto. Mahakama ya Kanisa Katoliki huko Roma ilimhukumu mwaka 1633, akakana fundisho lake kwa kulazimishwa, akafungiwa nyumbani kwake karibu na Firenze mpaka alipofariki mwaka 1642. Aliyechomwa moto ni Giordano Bruno, mwaka 1600, na mashtaka yake mengi yalikuwa ya mafundisho ya dini. Jumba la makumbusho la Museo Galileo, mjini Firenze, lina kurasa nzuri zenye picha za darubini zake na maelezo kwa Kiitaliano na Kiingereza.

Isaac Newton anastahili nafasi zaidi. Katika makongamano ya vijana tunapenda kumtaja kama mwanasayansi aliyemcha Mungu, na ni kweli kwamba aliandika juu ya Biblia mengi mno. Kitabu chake juu ya unabii wa Danieli na Ufunuo kilitoka mwaka 1733, baada ya kifo chake. Sehemu kubwa zaidi ilibaki katika maandishi ya mkono. Mwaka 1936 maandishi hayo yaliuzwa kwa mnada London na kutawanyika. Baadhi yako Cambridge, baadhi yako Yerusalemu katika Maktaba ya Taifa ya Israeli. The Newton Project, kazi iliyoanza mwaka 1998 na ambayo sasa iko Oxford, imeyakusanya tena kwenye intaneti na kuyaandika kwa herufi zinazosomeka. Anayeyasoma atakuta mtu aliyejua Maandiko sana. Atakuta pia kwamba Newton, kwa siri, alikataa fundisho la Utatu. Kwa hiyo tukimtaja kama shahidi wa imani, tutaje na hilo. Kumficha ni kumwachia mpinzani wa kesho silaha mkononi.

Hizo ni kazi za Kiingereza, na tunajua kwamba kwetu Kifaransa ndicho lugha ya shule. Kwa Kifaransa mlango mkubwa ni Gallica, maktaba ya intaneti ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, iliyofunguliwa mwaka 1997. Ina mamilioni ya nyaraka, na kati yake ni *Comptes rendus*, ripoti za kila juma za Chuo cha Sayansi cha Paris tangu 1835. Humo mwalimu wa biolojia atapata ripoti ya Pasteur ya Oktoba 1885 juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, jinsi mtoto Joseph Meister alivyodungwa mwezi wa Julai mwaka huo. Katika mitaa yetu mbwa wenye kichaa bado wanauma watoto. Ripoti ile ikisomwa darasani haiwi jambo la kale.

Kwa mashine, vyombo na ufundi, kuna Cnum, maktaba ya intaneti ya Conservatoire des Arts et Métiers ya Paris. Vijana wa shule za ufundi wataipenda kwa ajili ya michoro yake: mashine za mvuke, maonyesho makubwa ya dunia ya karne ya 19, vitabu vya mafundi. Tovuti ya Persée ina makala za majarida ya kitaalamu ya Kifaransa, kati yake *Revue d'histoire des sciences*, na mwanafunzi anayeandika kazi yake ya mwisho wa masomo atapata huko vyanzo ambavyo profesa hatavikataa. Mwalimu wa hesabu anayesoma Kiingereza atafute MacTutor, ya Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland. Humo mna maisha ya wanahesabu zaidi ya elfu tatu, yameandikwa kwa ufupi na kwa lugha nyepesi, bila picha nzito zinazokula mega.

Sasa turudi nyumbani, kwa swali la yule kijana wa pili.

Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin de Braucourt alikuwa anachimba Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edouard, katika Hifadhi ya Virunga, jimbo la Kivu ya Kaskazini. Alipata mfupa wenye urefu wa sentimita kama 10, wenye kipande cha jiwe jeupe la kwatzi kilichochomekwa kwenye ncha moja. Juu ya mfupa huo kuna mistari midogo iliyokatwa kwa makusudi, imepangwa katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka kama 20,000. Upo Brussels, katika jumba la makumbusho la Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Asili, na picha zake zinapatikana kwenye intaneti.

Hesabu mistari yenyewe, ndiyo njia bora ya kuanza. Safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jumlisha: safu mbili za kwanza zinatoa 60 kila moja, ya tatu inatoa 48. De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu: 3 inazidishwa kuwa 6, 4 inazidishwa kuwa 8. Mmarekani Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi, kwa kuwa 60 na 48 zinakaribia miezi miwili na mwezi mmoja na nusu. Wengine wakaona kwamba 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, wakatangaza kwamba watu wa Ishango walijua namba tasa. Hapo ndipo video za mitandao zinapoanzia.

Wataalamu wengi wana mashaka na hilo la mwisho, na sababu yao inaeleweka. Kujua namba tasa kunahitaji kwanza kujua kugawanya, na hakuna alama nyingine yoyote katika mfupa inayoonyesha kugawanya. Makundi manne yanaweza kuangukia namba hizo bila aliyekata kulijua jambo hilo. Kuna hata wanaofikiri kwamba baadhi ya mistari ilikatwa ili mkono usiteleze. Lakini angalia kinachobaki baada ya mashaka yote: mtu aliyekaa kando ya Semliki, miaka elfu ishirini iliyopita, alikata alama kwa mpangilio, katika makundi yanayotofautiana. Hilo si dogo, wala halihitaji kuongezewa chumvi.

Tena Ishango si peke yake. Katanda, kando ya mto huo huo wa Semliki, wachimbaji walipata mikuki ya mfupa yenye meno, ya kuvulia samaki wakubwa. Mwaka 1995 timu ya John Yellen na Alison Brooks ilichapisha kwamba ina umri wa miaka kama 90,000. Tunapoandika haya, watu wa Beni na Lubero wanalijua eneo hilo zaidi kwa habari za vita na wakimbizi. Mtoto wa kambini anapoambiwa kwamba hapo walipokimbia babu zake ni kati ya mahali pa zamani kabisa duniani ambapo ufundi wa uvuvi umeonekana, na kwamba jambo hilo limeandikwa na kupimwa, amepewa kitu ambacho hakuna anayeweza kumnyang'anya njiani.

Anayetaka maandishi ya zamani ya kisayansi juu ya Kongo aende kwenye tovuti ya Académie royale des Sciences d'Outre-Mer ya Brussels, iliyoanzishwa mwaka 1928 kama Institut royal colonial belge. Vitabu vyake vingi kuhusu udongo, magonjwa, lugha na madini ya Kongo vinapatikana humo bure. Jumba la makumbusho la Tervuren nalo limeweka orodha na picha za vitu vyake. Visomwe kwa macho mawili. Waliviandika watu wa serikali ya kikoloni au watu waliolindwa nayo. Mara nyingi utaona jina la Mzungu aliyekusanya mmea au jiwe, na hutaona jina la aliyemwongoza msituni, aliyemtafsiria, au aliyebeba masanduku. Ukisoma jiulize nani alikuwepo na hakutajwa.

Kuna tovuti moja inayoonyesha jambo hilo kuliko nyingine zote, nayo inahusu mmisionari na nchi ya Maniema. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya Lualaba. Karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino pia. Akaanza kuandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la zamani la London, akikatiza maandishi yaliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa na mbegu za mmea wa huko. Karatasi zikachakaa, wino ukafifia mpaka ukakaribia kutoonekana. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walisoma badala yake kitabu kilichotolewa mwaka 1874 na rafiki yake Horace Waller, baada ya Livingstone kufariki.

Kisha timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ikazipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali, hata ile ambayo jicho letu haliioni. Wino wa mbegu unapokea mwanga kwa namna moja, wino wa gazeti kwa namna nyingine, kompyuta ikavitenganisha. Mwaka 2011 shajara ikawekwa kwenye Livingstone Online, na inasomeka. Humo mna siku ya tarehe 15 Julai 1871, wafanyabiashara wa watumwa walipofyatua bunduki sokoni Nyangwe, watu, wengi wao wanawake, wakauawa au wakazama mtoni. Mtu anayelinganisha shajara na kitabu cha 1874 anaona kwamba hayakuandikwa sawasawa. Kati ya ukurasa wa gazeti na ukurasa wa kitabu mambo yalinyooshwa. Wisnicki na wenzake wanauliza hata kama watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe walihusika kwa namna fulani katika fujo za siku zile. Tunaliandika hili tukijua kwamba makanisa mengi yanamheshimu Livingstone, nasi tunamheshimu. Waliokufa sokoni nao wanastahili kusikilizwa kwa usahihi.

Sasa ule ujumbe wa sauti aliotumiwa mama. Uzito wake tuliuona kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola ilipopita Kivu ya Kaskazini na Ituri: wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walifariki. Wasomaji wengi wa kurasa hizi walizika ndugu zao katika miezi hiyo, na walisikia kila aina ya uvumi, pamoja na ule wa kwamba ugonjwa haupo, au kwamba uliletwa na wanaoutibu. Wahudumu wa afya walishambuliwa, wengine wakauawa. Uvumi haukutoka hewani. Watu waliochinjwa kwa miaka bila msaada, kisha wakaona magari mengi yakija kwa ajili ya ugonjwa mmoja, walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini jibu lilihitaji kutolewa na mtu waliyemwamini, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mchungaji, naye hakuwa na kitu cha kusoma.

Kipo. Ni ripoti ya kwanza ya Ebola nchini mwetu, iliyoandikwa na tume ya kimataifa iliyokwenda Yambuku mwaka 1976, na kuchapishwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 1978. Inapatikana bure kwenye maktaba ya shirika hilo inayoitwa IRIS, na kwenye PubMed Central. Ni kwa Kiingereza, lakini si ngumu. Inahesabu wagonjwa 318 na vifo 280. Inaeleza bila kuficha kwamba katika hospitali ya misheni ya Yambuku wauguzi walipewa sindano tano tu kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wa kutwa, sindano hizo zikitumiwa kwa mtu baada ya mtu, na kwamba ugonjwa ulienea kwa njia hiyo na kwa kumgusa mgonjwa. Inasema hospitali ilifungwa baada ya watumishi 11 kati ya 17 kufariki. Mmoja wa waliofika Yambuku mapema kabisa na kuchukua damu ya wagonjwa alikuwa daktari Mkongomani, Jean-Jacques Muyembe, ambaye miaka zaidi ya arobaini baadaye aliongoza vita dhidi ya ugonjwa huo huo kwetu.

Mtu aliyesoma ripoti hiyo anaweza kusema mbele ya waumini: ugonjwa huu ulijulikana tangu 1976, sisi wengine tukiwa bado hatujazaliwa; tunajua ulivyoenea; na kosa la hospitali ya Kikristo liliandikwa wazi, na hakuna aliyelificha. Hilo la mwisho huwagusa watu kuliko takwimu zote. Anayekubali kosa lake kwa maandishi huaminika zaidi anapoeleza chanjo.

Kwa ndugu zetu wa Katanga tutaje pia Voices of the Manhattan Project, mkusanyo wa mamia ya mahojiano na watu walioshiriki kutengeneza bomu la atomiki. Urani ya Shinkolobwe ilikuwa sehemu kubwa ya ile iliyotumika. Edgar Sengier wa Union Minière alikuwa ameshapeleka tani zaidi ya elfu moja za madini hayo New York mwaka 1940. Wanaosimulia humo hasa ni wanasayansi, wanajeshi na wafanyakazi wa viwanda vya Marekani. Mchimbaji wa Shinkolobwe atafutwe kwingine, na kama bado kuna wazee wanaokumbuka yale waliyoambiwa na baba zao, simu ya mjukuu inaweza kurekodi sauti.

Juu ya mega. Kurasa zilizopigwa picha ni nzito. Ukurasa mmoja wa Gallica unaweza kula kuliko jioni nzima ya ujumbe. Palipo na uwezekano wa kuchagua, chagua maandishi matupu badala ya picha. Kitabu kipakuliwe mara moja na mtu mmoja aliye mjini, kisha kigawiwe kwa kadi ya kumbukumbu au kutoka simu hadi simu bila intaneti. Programu ya Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima ya Kifaransa, au sehemu yake tu ya hesabu au tiba, na kuisoma kijijini pasipo mtandao wowote. Wikipedia ni mahali pa kuanzia; angalia maelezo ya chini ya ukurasa yanakoelekeza, kisha nenda huko. Vivyo hivyo kwa zile programu mpya zinazojibu kila swali kwa ufasaha: zina tabia ya kubuni vitabu na nukuu visivyokuwepo. Jibu lolote linalotaja kitabu, kitafute kitabu. Usipokiona, usilihubiri.

Bado kuna mengi ambayo hayajafika kwenye intaneti, na baadhi yako karibu nasi. Lwiro, karibu na Bukavu, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC bado kina maktaba na makusanyo. Kwa Yangambi, madaftari ya watazamaji waliofuatilia miti ya msitu ikichanua na kuzaa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950, yalipigwa picha, na watu wa kujitolea wakayanakili kupitia intaneti katika kazi iliyoitwa Jungle Rhythms. Kumbukumbu za Africa Inland Mission ziko Wheaton, Marekani. Anayetafuta habari za daktari Carl Becker na kazi yake juu ya ukoma huko Oicha aanzie huko.

Na sisi wenyewe tuna makabati. Katika vituo vingi vya zamani vya misheni kuna daftari za zahanati, za shule ya wauguzi, za karakana ya useremala au matofali, za mvua iliyopimwa kila asubuhi na mmisionari fulani. Mchwa wanazila, na vita vimechoma nyingine. Kazi ya kuziokoa inaweza kufanywa na vijana wawili wenye simu nzuri: daftari lifunguliwe mchana karibu na dirisha, kila ukurasa upigwe picha kwa utaratibu kuanzia jalada, na jina la kituo na miaka liandikwe kwenye faili. Kurasa zenye majina ya wagonjwa zisitumwe kwenye kundi lolote la WhatsApp. Nakala mbili zitunzwe mahali tofauti, moja ofisini kwa jumuiya na nyingine mbali na hapo, na daftari lenyewe lirudishwe kabatini, likiwa limefungwa katika nailoni.